Kiplagat: Mtu wa kalamu katika nchi ya miguu

Jumatatu ya Novemba 23, 2015, wafanyakazi wa Riadha House, makao ya Shirikisho la Riadha Kenya jijini Nairobi, walifika kazini wakakuta lango limefungwa na walio ndani ni wanariadha. Hawakuja kuchukua namba za mashindano wala barua za viza. Walikuja kuifunga ofisi yao wenyewe. Chama chao kiliongozwa na Wilson Kipsang, mtu aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni, na madai yao hayakuhitaji mkalimani: viongozi wa Shirikisho la Riadha Kenya wafungashe virago, kwa sababu pesa za mdhamini hazieleweki zilikokwenda, na wanaotumia pufya wanazidi huku wakubwa wakitazama.

Jina lililotajwa kwanza ni la mtu ambaye wakati huo hata hakuwa akikalia kiti cha mwenyekiti wa shirikisho. Isaiah Kiplagat alikuwa amejiweka kando tangu Aprili mwaka huo. Lakini mtu akiongoza shirikisho kwa miaka 23, kuondoka kwake hakuwi jambo la siku moja. Mafaili yalikuwa na saini yake, mikataba ilikuwa na saini yake, na wengi wa waliofunga lango walikuwa bado wanafunzi wa shule ya msingi, au hata hawajaanza, alipochaguliwa mwaka 1992.

Nimesoma tanzia nyingi zilizoandikwa kumhusu, na karibu zote zinamhesabia medali. Sielewi kwa nini. Kiplagat hakushinda medali hata moja. Mchumaji wa majani chai kule Nandi ndiye anayejua uzito wa kikapu mgongoni. Karani wa mizani kazi yake ni kuandika kilo, na hupimwa kwa jambo moja tu, kama alichoandika kitabuni ndicho kilichokuwa kikapuni. Kwa robo karne, pungufu ya miaka miwili, Kiplagat alikuwa karani wa mizani wa riadha ya Kenya. Basi tumsome kwa kitabu chake.

Shirikisho alilolipokea lilizaliwa 1951, enzi za ukoloni, likasukumwa na maafisa wa michezo kama Archie Evans waliokuwa wakizunguka wilayani kutafuta vijana wenye miguu. Tokyo 1964, Wilson Kiprugut akaleta shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Mexico 1968 ikaja Kenya ya Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott. Kisha Kenya ikasusia Montreal 1976 na Moscow 1980, na kizazi kizima kikazeekea nyumbani. Seoul 1988 ilifuta machozi: Paul Ereng, Peter Rono, Julius Kariuki na John Ngugi walirudi na dhahabu za riadha.

Hadi hapo riadha ya Kenya ilikuwa mali ya majeshi, polisi, magereza na shule. Mkimbiaji alilipwa mshahara wa koplo, akapandishwa cheo akishinda, basi. Kiplagat aliingia hasa wakati mambo hayo yalipokuwa yakipinduka. Ule uridhaa wa zamani ulikuwa umekufa. Mbio za barabarani Ulaya na Marekani zilikuwa zinamwaga dola. Mawakala walikuwa wameshafika Bonde la Ufa: Muitalia Gabriele Rosa na kambi zake za marathoni, Mwingereza Kim McDonald, Waholanzi. Stuttgart 1993, mwaka wa kwanza wa uongozi wake, kila bingwa wa dunia alikabidhiwa gari la Mercedes, na Wakenya watatu walijinyakulia yao: Paul Ruto, Ismael Kirui na Moses Kiptanui. Naomba msomaji aweke magari hayo akilini, maana habari za magari zitarudi.

Ofisi ya mwenyekiti ilikuwa na nguvu gani katika hali hiyo? Kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwanariadha hawezi kujiandikisha mwenyewe katika mashindano ya dunia. Shirikisho ndilo humwandikisha. Anayetaka kukimbia ng'ambo huhitaji kibali cha shirikisho, na wakala anayetaka kumwakilisha huhitaji leseni. Kambi za timu ya taifa, majaribio ya Nyayo na Kasarani, orodha ya makocha watakaopanda ndege, jezi na anayezilipia: yote hayo yalipita mezani kwa watu wachache. Na watu hao walichaguliwa na wajumbe wa matawi ya mikoa na vikosi vya usalama. Aliyekuwa anakimbia hakuwa na kura yenye uzito. Ukijua hilo, hutauliza tena mtu mmoja aliwezaje kukaa miaka 23.

Mtihani wa kwanza haukuchelewa. Februari 1993, mpimaji wa dawa alibisha nyumbani kwa John Ngugi, Nyahururu, bila taarifa. Ngugi, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 na bingwa mara tano wa mbio za nyika za dunia, alikataa kutoa mkojo. Alifungiwa miaka minne. Utetezi wake ulikuwa kwamba hakuna aliyemweleza kuwa mtu anaweza kumjia nyumbani kwake, nje ya mashindano, akamdai mkojo. Mwaka 1995 shirikisho la kimataifa lilimrejesha kabla ya muda, lakini miguu ilikuwa imepoa, na hakurudi tena kuwa Ngugi tuliyemjua.

Kesi hiyo ingepaswa kuwa somo la kwanza la utawala mpya. Bingwa mkubwa kuliko wote wa nyika wakati huo aliharibikiwa kwa karatasi ambayo mtu fulani ofisini hakuituma, au aliituma bila kuhakikisha kwamba imesomwa na kueleweka. Kazi ya kuwaelimisha wakimbiaji kuhusu kanuni za upimaji haikuhitaji uwanja wala kocha wa kigeni. Ilihitaji gari, karani na Kiswahili safi. Miaka ishirini baadaye bado wakimbiaji wa Iten na Kapsabet walikuwa wakilalamika kwamba hawajawahi kukaa darasani kufundishwa jambo hilo.

Lakini haki itendeke. Kuna siku ofisi ya Kiplagat ilisimama imara, na siku maarufu kuliko zote ni ile ya Stephen Cherono. Kijana huyo wa Keiyo, bingwa wa Jumuiya ya Madola wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, alihamia Qatar mwaka 2003 akaitwa Saif Saaeed Shaheen. Magazeti yaliripoti habari za malipo ya dola 1,000 kila mwezi, maisha yake yote. Agosti mwaka huo, Paris, alimshinda Ezekiel Kemboi kwa chini ya sekunde moja na kuipokonya Kenya taji la dunia ambalo ilikuwa imelizoea kama urithi wa babu. Kakake, Abraham Cherono, alikuwa kwenye mbio hizo hizo akiwa na jezi ya Kenya.

Kanuni za Olimpiki zilimtaka anayebadili uraia asubiri miaka mitatu, isipokuwa nchi aliyoihama iridhie. Qatar iliomba, Kenya ikakataa. Wapo waliosema ni roho mbaya. Nami nakiri si jambo la kupendeza kumzuia kijana asikimbie. Lakini ukiweka mlango wazi kwa mmoja, kesho wangetoka kumi, na wangetoka wakiwa na miaka kumi na minane. Athens 2004, Shaheen akiwa nje, Kemboi, Brimin Kipruto na Paul Kipsiele Koech walifagia dhahabu, fedha na shaba. Siku kumi baadaye Shaheen alikwenda Brussels akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 7:53.63, kana kwamba anawajibu.

Siku ambayo Kiplagat mwenyewe angeichagua, nadhani, ni Machi 24, 2007. Mbio za nyika za dunia zilikuja Mombasa, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Kwa miongo Kenya ilikuwa imetawala mashindano hayo katika matope ya Ulaya. Timu yake ya wanaume ilishinda taji mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003. Sasa dunia ilikuja kwetu, tena si kwenye baridi ya Eldoret bali kwenye jasho la pwani. Watu walifurika, wengine wakapanda popote palipopandika. Joto na unyevu viliwaangusha mashujaa. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda miaka mitano mfululizo, aliacha mbio huku akiongoza. Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua taji, Moses Mosop na Bernard Kipyego wa Kenya wakimfuata. Kwa wanawake alishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyeiwakilisha Uholanzi. Asbel Kiprop akashinda mbio za vijana wavulana, Linet Masai za wasichana.

Kuleta mashindano ya dunia nyumbani ni kazi ya kalamu hasa, na hapo Kiplagat, akiwa katika baraza la shirikisho la kimataifa, alionyesha alichojifunza katika korido za Monaco. Miaka mitatu baadaye Nairobi iliandaa ubingwa wa Afrika katika uwanja wa Nyayo. Hayo hakuna anayeweza kumnyang'anya.

Linalomchafulia kitabu ni namna timu zilivyoteuliwa. Chukua marathoni ya London 2012. Kenya ilikuwa na wanaume wengi wenye kasi kuliko dunia nzima ikiwekwa pamoja, na nafasi tatu tu. Patrick Makau alikuwa na rekodi ya dunia, saa 2:03:38, aliyoiweka Berlin miezi michache nyuma. Geoffrey Mutai alikuwa ameshinda Boston kwa 2:03:02 na kisha New York. Wote wawili waliachwa. Waliotajwa ni Kipsang, Abel Kirui na Mosop. Mosop alipoumia akaingia Emmanuel Mutai. Kwa kuwa uteuzi ulifanywa chumbani badala ya barabarani, kila mtu aliyeachwa alikuwa na sababu ya kunung'unika na kila aliyechaguliwa alikuwa na deni. Mnamo Agosti 12, Stephen Kiprotich wa Uganda aliwatoka Kirui na Kipsang katika kilomita za mwisho akaenda kuchukua dhahabu. Sisemi Makau au Mutai angemshika. Marathoni ina ukorofi wake. Ila shirikisho halikuwa na kipimo ambacho mkimbiaji angeweza kukisoma mapema akajua analofukuzia.

Riadha ya Kenya enzi hizo ilikuwa na jambo jingine la ajabu: ilifanikiwa zaidi pale ofisi ilipokuwa mbali. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video kwenye intaneti, kwa sababu nyumbani hakukuwa na kocha wa kumfundisha. Agosti 2015, Beijing, aliurusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia. Nicholas Bett alishinda mita 400 kuruka viunzi, mbio ambazo hakuna aliyetutazamia. Pamoja na David Rudisha, Asbel Kiprop, Ezekiel Kemboi, Vivian Cheruiyot na Hyvin Kiyeng, Kenya iliondoka na dhahabu saba, fedha sita na shaba tatu, ikaongoza jedwali la medali. Hakuna nchi ya Afrika iliyowahi kufanya hivyo.

Na hakuna aliyeweza kusherehekea vizuri. Mashindano hayo hayo, Koki Manunga na Joyce Zakary walisimamishwa baada ya kupatikana na dawa zilizopigwa marufuku. Miezi kumi nyuma Rita Jeptoo, malkia wa Boston na Chicago, alikuwa ametangazwa kutumia dawa ya EPO. Dalili zilikuwepo zamani: mwaka 2012 Mathew Kisorio aliponaswa, alikiri na kusema si yeye peke yake. Televisheni ya Ujerumani ikatangaza habari za madaktari na sindano. Serikali iliunda jopo chini ya Profesa Moni Wekesa kuchunguza. Jibu la Riadha House kwa muda mrefu lilikuwa kukana, kulaumu wageni, na kudai wanaoongea wanaionea wivu Kenya. Aprili 2015 shirikisho lilisimamisha kwa miezi sita kampuni mbili kubwa za mawakala, ya Rosa na ile ya Volare. Huo ulikuwa uamuzi mzito, lakini ulikuja wakati moshi umeshajaa nyumba nzima, na wakimbiaji wenyewe waliuliza kwa nini mawakala wanachukuliwa hatua wakati maafisa hawajaulizwa lolote.

Mwezi huo huo Kiplagat alijiweka kando. Sababu iliyotolewa ni kwamba alitaka kuwania umakamu wa rais wa shirikisho la kimataifa, na Luteni Jenerali mstaafu Jackson Tuwei akaachiwa usukani kwa muda. Kiti cha umakamu hakukipata. Katika mkutano uliofanyika Beijing, Sebastian Coe alichukua urais kutoka kwa Lamine Diack, Msenegali ambaye Kiplagat alikuwa ameketi naye katika baraza. Diack angehukumiwa Paris mwaka 2020 kwa rushwa ya kuficha kesi za pufya za Warusi. Jambo hilo halimhukumu Kiplagat. Linatuonyesha tu ni mazingira gani aliyojifunzia kazi ya kimataifa.

Ndipo likafungwa lango la Riadha House. Juma moja baadaye, Novemba 30, Tume ya Maadili ya shirikisho la kimataifa iliwasimamisha kwa siku 180 Kiplagat, makamu wake David Okeyo na aliyekuwa mweka hazina, Joseph Kinyua. Tuhuma zilikuwa mbili kwa wote: kuhujumu vita dhidi ya pufya nchini Kenya, na kuelekeza mifukoni fedha za udhamini wa Nike. Kwa Kiplagat iliongezwa ya tatu: magari mawili yaliyotoka kwa shirikisho la riadha la Qatar kati ya 2014 na 2015, zawadi ambayo tume haikujua kama ilikuwa yake binafsi au ya shirikisho. Doha ilikuwa imepewa mashindano ya dunia ya 2019 mnamo Novemba 2014, na wajumbe wa baraza ndio waliopiga kura.

Wote watatu walikana. Machi 2016, gazeti la The New York Times lilichapisha habari ndefu kuhusu bonasi ya dola 500,000 ambayo Nike ililipa shirikisho baada ya kuingia nalo mkataba upya, mwaka 2011, na namna fedha hizo zilivyotolewa benki haraka baada ya kuingia. Kumbuka Stuttgart. Ruto, Kirui na Kiptanui walipata magari yao mbele ya maelfu ya watu, saa ya uwanjani ikionyesha kila sekunde waliyoitolea jasho. Magari ya Doha yalijulikana kwa barua ya tume.

Kiplagat alikuwa mgonjwa. Saratani ilimmaliza Agosti 2016, akiwa na miaka 72, Michezo ya Rio ikiendelea. Huko Brazil timu ya Kenya ilikuwa inashinda dhahabu sita, na huku nyuma meneja wa timu ya riadha, Michael Rotich, alikuwa amerudishwa nyumbani baada ya gazeti la Uingereza kumnasa akiahidi kuwatonya wakimbiaji kabla ya kupimwa. Shujaa mmoja wa Rio, Jemima Sumgong wa marathoni, angefungiwa mwaka uliofuata kwa EPO. Kiprop, yule kijana wa Mombasa 2007, naye angefuata.

Kifo kilimtoa Kiplagat mbele ya hukumu. Okeyo hakuwa na bahati hiyo, kama ni bahati: Agosti 2018 jopo la maadili lilimfungia maisha na kumtoza faini ya dola 50,000 kwa kujichotea fedha za Nike. Kinyua hakupatikana na hatia. Kuhusu aliyekuwa mkuu wao, hakuna aliyebaki wa kujibu, kwa hiyo hakuna lililoamuliwa. Familia yake ina haki ya kusema hakuhukumiwa, na wakimbiaji waliolala Riadha House wana haki ya kusema hawakujibiwa.

Mimi nina shaka na wale wanaotaka kumfanya ama mjenzi wa dola ya riadha ama mwizi wake. Miguu ya Kenya ingeshinda chini ya mwenyekiti yeyote. Ilishinda kabla yake na ikashinda baada yake. Alichoweza kufanya mwenyekiti ni kuamua ushindi huo utaendeshwa vipi: nani anachaguliwa na kwa kipimo gani, pesa inaingia akaunti ipi, mtoto wa miaka kumi na sita kule Kapsabet anaambiwa nini kuhusu sindano anayopewa na mtu anayejiita daktari. Katika hayo alifaulu mara mbili tatu, Athens na Mombasa zikiwa kubwa, na kwingineko aliacha kurasa tupu kwa miaka mingi mno.

Kurasa hizo zilijazwa na wengine, kwa gharama. Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria ya kupambana na pufya, dunia ikiwa imeshika saa mkononi. Tuwei, aliyeshika usukani kwa muda, alichaguliwa akawa mkuu kamili wa shirikisho. Alikuwa bado yupo Novemba 2022, wakati orodha ya Wakenya waliofungiwa ilikuwa imerefuka kiasi kwamba nchi yenyewe ilikaribia kufungiwa, na serikali ikaahidi kutoa dola milioni 25 kwa miaka mitano kwa ajili ya upimaji, uchunguzi na elimu kwa wanariadha.